Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Mwalimu wa Shule Aliyeandika Historia kwa Kiswahili

Katika mihadhara yetu ya fasihi jina la Sheikh Abdulla Saleh Farsy hutajwa kwa nadra, na linapotajwa huwa ni kwa ajili ya tarjuma yake ya Qurani iliyotoka mwaka 1969. Wanafunzi wengi humaliza shahada ya kwanza wakiwa wamemsoma Shaaban Robert kutoka jalada hadi jalada, ilhali hawajui kwamba katika miaka ile ile mwalimu mmoja wa shule za msingi za Unguja alikuwa akiandika historia ya pwani kwa Kiswahili, kwa ajili ya msomaji wa kawaida, bila ya kusubiri chuo kikuu chochote kimpe ruhusa. Makala haya yanamwangalia Farsy kwa upande huo wa uandishi wa historia. Upande wa tarjuma tutaugusa, kwa sababu haiwezekani kuukwepa, lakini si wenyewe uliotuvuta.

Farsy alizaliwa mjini Unguja mwaka 1912. Unguja ya utoto wake ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, Sultani yumo katika kasri lake na Rezidenti ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa upande wa elimu ya dini, hata hivyo, mji ulikuwa bado una heshima yake ya zamani. Wanafunzi walitoka Lamu, Barawa, Ngazija na Mombasa kuja kukaa mbele ya wanavyuoni wake. Wawili kati ya wanavyuoni hao walikuwa nguzo: Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Unguja, na Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyeanzisha madrasa mtaa wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Farsy wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Naiona tarehe hiyo kuwa na uzito mkubwa kuliko inavyochukuliwa. Kijana huyu alifika mlangoni wakati karamu inakwisha. Wakubwa aliwaona kwa macho ya kitoto, lakini elimu yenyewe aliipokea kwa warithi wao, hususan Sayyid Omar bin Sumait, mwana wa Sayyid Ahmad, na Sheikh Abubakar, mwana wa Sheikh Abdalla Bakathir. Kila alichofundishwa kiliambatana na habari za waliotangulia: nani alisoma kitabu gani kwa nani, nani alisafiri kwenda Hadhramaut au Makka kutafuta sanadi, nani alizikwa wapi. Baadaye alipoandika historia, kwa kiasi kikubwa alikuwa akiandika habari za watu aliowakosa kwa miaka michache tu.

Pamoja na masomo hayo ya msikitini alipitia shule ya serikali na kupata mafunzo ya ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1933 hadi 1947 alifundisha katika shule za msingi, kisha akapandishwa cheo na kuwa msimamizi katika shule za Unguja na Pemba. Miaka kumi na minne mbele ya ubao si kitu kidogo. Mtu akisoma maandishi yake kwa makini ataisikia sauti ya darasani: sentensi zinatembea hatua kwa hatua, neno gumu linafafanuliwa papo hapo, na msomaji anachukuliwa kama mwanafunzi mwenye akili ambaye bado hajapata nafasi ya kusoma. Hadharau wala habembelezi.

Ni vyema tukumbuke hali ya historia katika shule za wakati huo. Kitabu kilichotumika sana kilikuwa Milango ya Historia, kilichoandikwa na L. W. Hollingsworth, Mwingereza aliyekuwa afisa wa elimu Unguja. Kiswahili kilikuwapo, hilo halina shaka, na baada ya mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa ikikisanifisha kwa kuegemea lahaja hiyo hiyo ya Kiunguja aliyoizungumza Farsy nyumbani kwao. Lakini aliyeshika kalamu ya historia alikuwa mgeni. Mwenyeji alikuwa msomaji, au kwa uchache mtoaji wa habari anayeulizwa maswali na kuandikwa na mwingine.

Mwaka 1942, Farsy angali mwalimu wa shule ya msingi, alitoa kitabu chake juu ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Mashariki ya Afrika. Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1791 na kufia baharini mwaka 1856 akirejea Unguja, alikuwa tayari amekwisha kuandikwa na wageni wengi: mabalozi, manahodha na wamisionari. Ni mtawala aliyefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Aliyetuma merikebu yake Sultana hadi New York mwaka 1840. Aliyeigeuza Unguja kuwa kisiwa cha mikarafuu. Jipya katika kitabu cha Farsy ni kwamba habari hizi sasa zinasimuliwa na mtu wa mji ule ule, kwa lugha ya barazani iliyotengenezwa vizuri, kwa watu ambao babu zao walikuwa sehemu ya kisa.

Hapa inafaa tumweke kando ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Al-Amin naye aliandika historia, nayo ni ya ukoo wake wa Mazrui, yaani watawala wa Mombasa ambao Seyyid Said alipigana nao tangu miaka ya 1820 hadi alipowang'oa mwaka 1837. Kwa hiyo tuna wanavyuoni wawili wa karne moja, mmoja akiandika habari za nyumba iliyoshinda na mwingine habari za nyumba iliyoshindwa. Lakini angalia suala la lugha. Al-Amin, ambaye magazeti yake Sahifa na Al-Islah ya miaka ya 1930 yalimfanya kuwa baba wa uandishi wa habari wa Kiislamu kwa Kiswahili, historia yake aliiandika kwa Kiarabu. Farsy ya kwake aliiandika kwa Kiswahili, tena kwa hati za Kirumi. Tofauti hiyo yaonyesha kila mmoja alimkusudia nani. Aliyeandika kwa Kiarabu alikuwa akiwawekea wanavyuoni hati ya ukoo. Mwalimu wa shule alikuwa akimwandikia mtoto aliyemfundisha kusoma jana, pamoja na baba wa mtoto yule.

Hata hivyo sitaki tumvike Farsy kilemba asichostahili. Kitabu cha Seyyid Said kinaegemea upande wa sifa. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara, na mtu anayetaka kujua habari zao hatazipata kwa Farsy kwa kadiri inayostahili. Miaka minane kabla yake, mwaka 1934, James Mbotela wa Freretown, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa, alikwisha kutoa Uhuru wa Watumwa. Vitabu hivi viwili vyafaa kusomwa pamoja, na nashangaa kwamba havisomwi hivyo. Mbotela naye ana upofu wake: kwake Mwingereza hakosei na Mwarabu hapatii. Ukimsoma mmoja peke yake unatoka na nusu ya bahari. Ukiwasoma wote wawili unaanza kuelewa kwa nini mwezi Januari mwaka 1964 ulikuja namna ulivyokuja.

Mwaka 1944 Farsy alitoa kitabu kingine, juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika. Kitabu hiki alikipanua kwa miaka mingi hadi kikawa Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichochapishwa Mombasa mwaka 1972. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa ya historia, na ndiyo inayotuhusu sisi wa fasihi zaidi ya zote.

Mpangilio wake ni wa kale. Waarabu wana fani ya tabaqati, yaani wasifu wa wanavyuoni uliopangwa tabaka kwa tabaka, ambapo kila mtu hutambulishwa kwa nasaba yake, walimu wake, safari zake, vitabu vyake, wanafunzi wake na kifo chake. Farsy aliichukua fani hiyo na kuitia katika Kiswahili. Humo tunakutana na Sheikh Muhyiddin al-Qahtani aliyetoka Barawa na kuwa kadhi wa Seyyid Said. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, baba yake Al-Amin. Habib Saleh aliyetoka Ngazija na kuufanya mji wa Lamu kuwa kituo cha masharifu. Na hao wawili wa mwaka 1925 tuliowataja, Ibn Sumait na Bakathir. Sayyid Ahmad bin Sumait peke yake atosha kumwonyesha mwanafunzi wa leo jinsi ulimwengu wa pwani ulivyokuwa mpana: nahodha, mfanyabiashara na kadhi aliyefika Istanbul akatunukiwa nishani na Sultani Abdulhamid, kisha akarudi Unguja kukaa mkekani na wanafunzi.

Nguvu ya kitabu imo katika vitu vidogo. Farsy hutaja mtaa, msikiti, mwezi wa Kiislamu na wa Kizungu, nani aliosha maiti na nani alishika darsa baada ya mazishi. Habari nyingi za namna hiyo hazikuandikwa popote pengine. Zilikuwa vinywani mwa wazee, na wazee walikuwa wakiondoka. Mwalimu alikuwa akienda kuwauliza, anaandika, anarudi kusahihisha. Miaka ishirini na minane kati ya toleo la 1944 na lile la 1972 ilikuwa miaka ya kukusanya. Leo mtafiti yeyote wa historia ya elimu ya Kiislamu Afrika Mashariki, awe wa Bergen au wa Dar es Salaam, huanzia kwake, hata kama anamalizia kwa kumpinga.

Yapo ya kupinga. Farsy hutaja karama za mawalii pamoja na tarehe za vifo vyao bila ya kubadilisha sauti, kana kwamba vyote viwili vimethibitika kwa njia moja. Ushindani baina ya wanavyuoni, ambao kwa hakika ulikuwapo, hutajwa kwa kauli ya upole inayomlazimu msomaji asome baina ya mistari. Wasiokuwa Washafi wako pembeni, na wanawake ni nadra. Baadhi ya wahadhiri wetu humkataa kwa sababu hizo na kusema kwamba hii si historia. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayeandika ndani ya fani ya tabaqati apimwe kwanza kwa kanuni za fani hiyo, kama vile tusivyomlaumu mtunzi wa utenzi kwa kuanza na dua. Baada ya hapo ndipo tumtake maelezo juu ya aliyoyaacha.

Kitabu kingine kinachostahili kutajwa ni Ada za Harusi katika Unguja, kilichotolewa na Ofisi ya Maandishi ya Afrika Mashariki mwaka 1956. Ni kitabu kidogo, na kwa mwanaisimu ni hazina. Msamiati wa posa, mahari, hina, kungwi na fungate umewekwa mahali pake, si kama orodha ya kamusi bali katika mwendo wa shughuli yenyewe. Ajabu yake ni kwamba mwandishi ni mtu wa sheria ambaye hakuziridhia desturi zote hizo. Aliziandika hata hivyo.

Sasa tuje katika tarjuma. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa tarjuma ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili, kwa shabaha ya kuwasaidia wamisionari wenzake. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya akatoa ya pili, Nairobi. Waislamu wa Kisunni wa pwani waliona ya kwanza imeandikwa na asiyeamini, na ya pili na watu wasioafikiana nao katika itikadi. Farsy, ambaye alikwisha kuanza kutoa sehemu sehemu tangu miaka ya 1950, alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969, ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Maelezo yake ya chini ya ukurasa yanajibizana na hao wawili waziwazi, pengine kwa ukali. Lakini ndani ya matini yenyewe ni yule yule mwalimu wa mwaka 1933: maneno ya ufafanuzi yamewekwa katika mabano katikati ya aya ili msomaji asikwame. Wanaotafuta uzuri wa lugha hulalamika kwamba mabano yanaukata mdundo. Hawakosei, ila mwandishi hakuwa akiutafuta mdundo.

Naomba nitie neno moja la pembeni. Sisi tuliolelewa Nanyuki, chini ya mlima, mbali na bahari kwa safari ya usiku na mchana, tunazoea kufikiri kwamba fasihi ya pwani haikupanda huku isipokuwa kwa njia ya mtihani. Lakini ingia katika nyumba za wazee wa Majengo, kule walikokaa watoto wa askari wa zamani na wafanyabiashara Waislamu, utaikuta Qurani ya Farsy juu ya kabati, imefungwa kitambaa. Mzee mmoja aliyenionyesha nakala yake hakuwahi kufika Unguja wala Mombasa. Kiswahili chake cha kuandika, aliniambia, alikipata humo, kwa kuyasoma maelezo ya chini ya ukurasa jioni hadi jioni. Nimesoma maelezo mengi ya wanaisimu juu ya kuenea kwa Kiswahili Sanifu bara: shule, jeshi, redio, reli. Kabati hilo silikumbuki katika hata moja.

Tumeyatanguliza hayo kabla ya kusimulia jinsi Farsy alivyofika Kenya. Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Unguja. Miaka minne baadaye, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yakauangusha utawala wa Sultani, yaani nyumba ile ile ambayo mwanzilishi wake Farsy alikuwa amemwandikia kitabu. Wengi wa tabaka lake waliuawa, walifungwa au walikimbia. Yeye alibaki katika kazi yake hadi mwaka 1967, ndipo akaondoka. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimrithi Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na akakaa Mombasa. Tuutazame mzunguko huo: mwandishi wa sifa za Seyyid Said amekalia kiti kilichokuwa cha Wamazrui, katika mji ambao Seyyid Said aliuteka.

Miaka ya Mombasa ilimpa kazi nyingi na ugomvi mwingi. Mwaka 1977 alitoa sehemu mbili za kitabu kiitwacho Bid'a, akizishambulia desturi alizoziona kuwa ni uzushi katika dini, zikiwamo zile zinazoambatana na maulidi na ziara za makaburi. Waliokasirika walikuwa hasa masharifu na wafuasi wao, Lamu na kwingineko. Na hapa ndipo palipo fundo la maisha yake yote. Miaka mitano tu nyuma, katika Baadhi ya Wanavyuoni, alikuwa amewasifu masharifu hao hao, akiwataja walimu wao na karama zao kwa mapenzi yasiyofichika. Sayyid Omar bin Sumait, aliyemfundisha, alikuwa wa njia hiyo ya Alawiyya, na alifariki Ngazija mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Bid'a kutoka.

Wapo wanaosema alibadilika uzeeni kwa kusoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri na Pakistan. Wapo wanaosema alikuwa hivyo tangu zamani, akingojea wakubwa zake waondoke. Mimi naona maelezo yote mawili yanamfanya mwepesi kuliko alivyokuwa. Mwanahistoria ndani yake aliwapenda watu. Kadhi ndani yake alizipima desturi zao. Kwa miaka arobaini aliweza kuwatenganisha wawili hao kwa kuwapa vitabu tofauti. Hakuifuta kazi ya 1972, wala hakuipunguza ya 1977. Aliziacha zote mbili ziuzwe katika duka moja, na mpaka leo zinauzwa hivyo.

Alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alihamia Oman, nchi aliyotoka Seyyid Said, ambako Waswahili wengi wa Unguja walikuwa wamekwisha kukimbilia baada ya mapinduzi. Alifariki Muscat mwezi Novemba mwaka 1982.

Kitabu cha Seyyid Said kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1986. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitoa Baadhi ya Wanavyuoni katika tafsiri ya Randall Pouwels, yenye utangulizi na maelezo ya kina. Ni kazi nzuri, na mtafsiri amemtendea haki mwandishi. Nilipoanza utafiti huu, hiyo ya Kiingereza ndiyo niliyoipata rafuni siku ya kwanza. Ya Kiswahili niliitafuta kwa miezi minne, hadi rafiki aliponitumia kwa basi la usiku fotokopi kutoka Mombasa, imefungwa kwa uzi, na kurasa zake za mwisho hazimo.